Nyumba Isiyo na Chumba cha Kununia

Siku nane ndani ya nyumba ya udongo iliyofufuliwa kule Bangwe, Kigoma, zilitufanya mimi na mume wangu tuongee jambo tulilolikwepa kwa miaka miwili.

Wapo wanandoa wanaolala kitanda kimoja na hawaonani. Wapo pia tunaopendana kweli kweli lakini tunalala mikoa miwili tofauti. Sisi tulikuwa kundi la pili, na kama wewe ni mfanyakazi wa Tanzania hii, basi ama wewe mwenyewe umo, ama shoga yako wa meza ya jirani yumo. Barua ya uhamisho haiulizi kama umeoa juzi. Mume wangu alipata yake miezi mitano baada ya harusi, imeandikwa Kigoma. Mimi kazi yangu ipo Dar es Salaam, na wakati ule ndio kwanza nilikuwa nimethibitishwa. Tukaambiana maneno yale yale mnayoambiana wote: "Ni kwa muda tu."

Huo muda tu ukawa miaka miwili, na ndoa ikawa ya simu. Asubuhi "umeamkaje", usiku "umekula nini", katikati mtandao unakatika. Akija Dar anakuwa kama mgeni, anauliza vijiko vinakaa wapi. Nikienda Kigoma tunakaa gesti, kwa sababu yeye anaishi nyumba ya kampuni pamoja na wenzake wawili, na mke wa mtu hawezi kukatiza ukumbini na khanga moja mbele ya mashemeji. Gesti nayo ina raha zake: kuna televisheni, kuna soda baridi, kuna mlango wa kufunga. Siku tatu zinapita mnacheka, mnabembelezana, mnaagana uwanja wa ndege, na hakuna aliyegusa lile swali.

Swali lenyewe lilikuwa fupi tu. Hali hii itaisha lini, na nani ataachia kazi yake?

Safari hii, mwezi wa tisa, mume wangu akaniambia kwenye simu, "Mke wangu, usijali gesti. Nimepata nyumba Bangwe, siku nane, ni yetu peke yetu." Nikajua ni vile vibanda vya kitalii vyenye makuti ya mapambo na kitanda kilichotandazwa maua. Wapi!

Bangwe ni wapi

Mji wa Kigoma umekaa ndani ya ghuba. Ukitazama ziwani, ile ardhi iliyojitokeza upande wa kushoto, yenye vilima na miamba, ndiyo Bangwe. Ukiendelea mbele na barabara unafika Katonga, kijiji cha wavuvi, na baada ya Katonga kuna ufukwe wa Jakobsen, ambao wenyeji wanauita Mwamahunga. Kutoka mjini ni safari fupi ya bajaji au bodaboda.

Ziwa lenyewe nadhani wengi tulilisoma shuleni tukalisahau. Tanganyika lina urefu wa kilomita 673, na kina chake kinafika mita 1,470. Hapa duniani ni ziwa Baikal la Urusi tu linalolizidi kwa kina. Nchi nne zinalichangia: Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia. Kitabu hakikuniambia jambo moja, kwamba lina mawimbi. Kuanzia mwezi wa tano mpaka wa tisa upepo wa kusi unavuma kutoka kusini, na kwa urefu ule wa ziwa upepo unapata nafasi ya kutosha kulisukuma maji. Mawimbi yanayofika Bangwe yanaweza kukuangusha na kukuvua kilemba.

Sasa usije ukafikiri ni Jeffreys Bay ya Afrika Kusini, ambako watu wanatoka ng'ambo kuja kupanda mawimbi. Wala si Paje, Zanzibar, ambako wageni wanavutwa na tiara juu ya ubao. Bangwe wanaopanda mawimbi ni watoto wakitoka shule. Ubao wao ni kipande cha mtumbwi uliochoka au mbao ya boksi. Wanalala kifudifudi, wanasubiri wimbi la tatu au la nne, wanapiga kelele, halafu wanakuja nalo mpaka mchangani. Hamna cha kiingilio wala mwalimu.

Nyumba yenyewe

Ni nyumba ya Kiswahili ya zamani, kama zile za Ujiji. Mbele kuna baraza pana la kukalia. Ukiingia kuna ukumbi mrefu unaopita katikati, vyumba viwili kulia na viwili kushoto, halafu nyuma kuna ua wenye jiko na bafu. Kuta ni za nguzo, fito na udongo. Sakafu ni ya saruji nyekundu, ile inayosuguliwa mpaka ing'ae. Mlango wa mbele ni wa mninga, mzito, ukiufunga unajua umefunga.

Mwenye nyumba ni mzee mstaafu ambaye baba yake ndiye aliyeijenga. Alitupokea na funguo, akatukalisha barazani, na kabla hata hatujanywa maji akaanza kutueleza alivyoifufua. Ndugu zake walitaka ivunjwe, kijengwe cha matofali chenye vyumba vya kupangisha. Yeye akakataa.

"Watu wanaona nyumba ya udongo imepinda, wanasema imekufa," alisema. "Haijafa. Mchwa anakula nguzo chini, pale inapogusa ardhi. Huku juu nzima kabisa. Unachofanya, unaegemeza paa kwa miti, unakata palipooza, unaunga mti mpya. Nguzo moja, halafu nyingine. Ukizitoa zote siku moja, paa linakuangukia."

Alitueleza pia habari ya saruji. Kuna wakati mtu aliipiga nyumba ile plasta ya saruji ili ionekane ya kisasa. Kwa nje ilipendeza. Lakini ukuta wa udongo unapumua, unavuta unyevu na kuutoa. Ukiuziba na saruji unyevu unabaki ndani, udongo unalainika taratibu, na siku moja plasta inabanduka na nusu ya ukuta. Mzee aliibandua yote, akarudisha udongo, akamalizia na chokaa. Ndiyo maana saa saba mchana nje jua linawaka na ndani unatamani shuka.

Mume wangu akamuuliza kama inafaa kweli kutumia hela nyingi hivyo kwa kitu cha zamani. Mzee akacheka, akanyoosha mkono kuelekea bandarini. Akatukumbusha meli ya Liemba. Wajerumani waliijenga kwao mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande kwa meli na kwa reli mpaka Kigoma, ikashushwa majini mwaka 1915. Mwaka 1916 wakaizamisha wenyewe ili adui zao wasiipate. Ikaibuliwa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kubeba watu tena. "Ile ilikuwa chini ya maji kabisa," alisema. "Hii yangu imepinda tu."

Kitu kimoja hakukieleza, tukakigundua usiku. Kuta za ndani haziendi mpaka juu. Zinaishia usawa wa kama mita mbili na nusu, halafu pamebaki wazi mpaka kwenye paa, hewa ipite. Taa ikiwashwa chumba kimoja, vyote vinne vinapata mwanga. Na ukikohoa kimoja, vyote vinasikia.

Kumbe ana maisha mengine

Siku mbili za kwanza zilikuwa tamu kupita maelezo. Jirani alituletea migebuka, tukaipika na mawese na ugali wa muhogo. Mawese ya Kigoma msomaji usiyaonje, utashindwa kurudi kwenye mafuta ya dukani. Asubuhi tulikwenda kuogelea upande wa miamba. Mume wangu alikuwa na miwani ya kuogelea miwili, akanionyesha samaki wadogo wa rangi, bluu, njano, wenye mistari. Ziwa hili lina zaidi ya aina mia mbili za samaki wa jamii hiyo, na karibu wote hawapatikani kokote kwingine duniani. Wapo wanaotunza watoto mdomoni. Tena kuna aina ambazo mama anaanza kubeba, halafu anampokeza baba, naye anamalizia. "Unaona," mume wangu akanitania, "ndoa nzuri ni ile ambayo wote mdomo umejaa, hakuna wa kujibu."

Siku ya tatu jioni tukashuka ufukweni. Watoto walipomwona mume wangu wakaacha mbao zao, wakaja mbio, wanamwita jina la utani ambalo mimi sijawahi kulisikia. Wakampa ubao. Akaingia majini, akalala juu yake kama mtu anayejua anachofanya, akasubiri wimbi, akaja nalo mpaka miguuni kwangu. Wakina mama waliokuwa wakianua dagaa wakamsalimia kwa Kiha, naye akawajibu. Mwanamume niliyeolewa naye, ambaye Dar hajui vijiko vinakaa wapi, Bangwe anajulikana na kila mtu.

Nikauliza, anakuja hapa mara ngapi? "Kila Jumapili," akasema. Miaka miwili, kila Jumapili. Na mimi kila Jumapili usiku nilikuwa namuuliza siku ilikuwaje, ananijibu, "Kawaida tu."

Jamani, mwanamke mwenzangu utanielewa. Hakukuwa na mwanamke mwingine. Ingekuwa mwanamke mwingine ningejua pa kuanzia. Ilikuwa ziwa, na watoto, na ubao, na furaha ambayo mimi sikuwa na habari nayo.

Usiku wa siku ya tatu

Tulipokula tukamaliza nikamwuliza mbona hakuwahi kuniambia. Akasema aliogopa. Kila akitaka kunisimulia kitu kizuri cha Kigoma, anaona nitafikiri ameamua kubaki. Hivyo akawa ananipa habari za joto, umeme kukatika na bosi wake. Nikamwuliza, kwani umeamua kubaki? Akanyamaza. Nikauliza tena. Akasema, "Na wewe umeamua kubaki Dar?"

Ikawa ndiyo hiyo. Yale ya miaka miwili yakaanza kutoka, na mengine hayakuwa mazuri. Mimi nikamkumbusha nani anauguza mama. Yeye akanikumbusha nani alikosa arobaini ya baba yake kwa sababu ya semina. Nikachukua mto wangu, nikaenda chumba cha pili, nikafunga mlango.

Sasa fikiria. Umenuna, umelala chali gizani, unasubiri mtu ajute, na unasikia kila anachofanya. Anageuka, kitanda kinalia. Anakunywa maji, unasikia yanavyoshuka kooni. Mimi nikavuta pumzi ya hasira, na kutoka upande wa pili, juu ya ukuta, sauti ya kawaida kabisa ikaniambia, "Nasikia unavyopumua."

Nikajizuia, nikashindwa, nikacheka. Naye akacheka. Hakunifuata wala mimi sikurudi, nadhani kwa sababu wote tuliona hapo ndipo pazuri. Huoni uso wa mwenzio, kwa hiyo huwezi kuutumia kumkasirikia. Humgusi, kwa hiyo hamwezi kukimbilia kubembelezana kabla maneno hayajaisha. Pia huwezi kupandisha sauti, maana ukipandisha anasikia jirani.

Tukaongea kupitia pale juu mpaka saa nane usiku. Aliniambia kazi ya Kigoma ni ya kwanza katika maisha yake ambayo anaamka anaitaka. Nikamwambia mimi kila nikipandishwa cheo najisikia kama nimepiga msumari mwingine kwenye mlango wetu. Aliniambia anaogopa tutapata mtoto halafu amjue baba kwa sauti. Nilikuwa sijui kwamba na yeye analiogopa hilo. Halafu akauliza, na nilijua ametoa wapi, "Kwa hiyo nguzo iliyooza ni ipi? Ni moja au ni zote?"

Nikafikiri. Nikamwambia sioni kama ni zote.

Mbalamwezi

Asubuhi jirani yetu, mama wa makamo aliyetuletea migebuka, alinikuta uani naosha vyombo. "Usiku mlikuwa na kikao," akasema, wala hakuficha. Nikaona aibu. Akakaa kwenye kigoda, tukaanza kuongea.

Mume wake ni mvuvi wa dagaa. Dagaa wanavuliwa usiku wa giza. Mtumbwi unaingia ziwani na taa, zamani zilikuwa karabai, siku hizi nyingi ni za umeme wa jua, na samaki wanaufuata mwanga. Usiku ule tulikuwa tumeziona kutoka barazani, taa nyingi kwa mstari, ungedhani ng'ambo kuna mji. Mwezi ukiwa mpevu taa haina kazi, ziwa zima lina mwanga, dagaa hawakusanyiki. Hapo wavuvi wanapumzika, wanashona nyavu, wanakaa na familia.

"Kwa hiyo mimi ninaye mbalamwezi," akaniambia. "Siku za giza ni wa ziwa, namwachia Mungu. Siku za mwezi ni wangu. Nilipoolewa nililia sana. Halafu nikazoea, kwa sababu mwezi haudanganyi. Najua anarudi lini." Akanitazama. "Wewe dada yangu, mbalamwezi yako ni lini?"

Sikuwa na jibu.

Nikamwambia basi afadhali wake angekuwa nyumbani muda wote. Akapiga makofi kwa kucheka. Akanisimulia mwaka 2024, serikali ilipolifunga ziwa ili samaki wazaane, kuanzia tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti. Miezi mitatu hakuna kuvua. "Wee! Miezi mitatu mwanamume yupo ndani, hana hela, hana kazi, anachungulia sufuria. Nusura turudishane kwao. Kuwa pamoja siyo dawa, mwanangu. Dawa ni kujua."

Nimehudhuria semina za wanandoa, tena za kulipia, na sijawahi kusikia neno lililoniingia kama lile.

Mkewe Livingstone

Siku ya tano tukaenda Ujiji kutembea. Nani asiyejua habari ya Ujiji? Mwaka 1871 mwandishi Stanley alimkuta hapo daktari Livingstone, aliyekuwa amepotea machoni pa wenzake Uingereza. Kuna jumba la kumbukumbu na miembe, na ukifika unaelezwa walivyosalimiana. Mwezi wa kumi na moja mwaka ule ule wakaingia mtumbwini pamoja kuelekea kaskazini kuuangalia mto Rusizi, na ili kufika huko ilibidi waizunguke Bangwe yetu.

Mimi akili yangu ilikuwa kwa mtu ambaye hakuwepo pale. Livingstone alikuwa na mke, anaitwa Mary. Mwaka 1852 alimpandisha meli Cape Town pamoja na watoto, warudi Uingereza, yeye aendelee na safari zake. Hawakuonana tena mpaka mwisho wa mwaka 1856. Baadaye Mary aliamua kumfuata Afrika, akafariki kwa homa kwenye mto Zambezi mwaka 1862. Stanley alimtafuta Livingstone kwa miezi, dunia ikampongeza. Mary alimsubiri kwa miaka na hakuna aliyemjengea kitu Ujiji.

Nilimwambia mume wangu hayo tukiwa chini ya mwembe. Hakujibu. Njiani, kwenye bajaji, akasema, "Tununue daftari."

Daftari la mistari

Tulikaa barazani jioni ile na daftari la shule. Sikutegemea kama mapenzi yanaweza kukaa kwenye daftari, lakini yalikaa. Tuliandika mambo yanayotubana kweli, siyo hasira. Mimi nina mkopo unaokatwa kwenye mshahara, umebaki miezi kumi na nne, nikiacha kazi unadaiwa wote kwa mkupuo. Mama yangu anaishi na mimi. Yeye ana posho ya mazingira magumu ambayo ndiyo inayojenga kiwanja chetu. Kampuni yake ina ofisi Dar. Mwajiri wangu ana tawi Kigoma.

Halafu tukakubaliana mambo matatu. La kwanza, wote wawili tutaandika barua za kuomba uhamisho, wiki moja, yeye kuja Dar na mimi kwenda Kigoma. Itakayojibiwa kwanza ndiyo tutakayoifuata, bila kujali ni ya nani. La pili, kama mpaka tarehe 30 Juni hakuna iliyojibiwa, yeye anaacha kazi anarudi Dar, kwa sababu yeye hana mkopo. Aliliandika mwenyewe, kwa mwandiko wake. La tatu, mpaka siku hiyo, mwisho wa wiki ulio karibu na mwezi mpevu ni wetu. Mwezi huu anakuja yeye, mwezi ujao nakwenda mimi. Tiketi ya ndege ikishinda, ipo treni.

Nilipomwonyesha jirani lile daftari alitikisa kichwa kama mwalimu anayepitisha kazi. Hajui kusoma vizuri, akaniambia nimsomee tarehe. Nikamsomea. "Haya," akasema, "sasa una mwezi."

Msomaji utataka kujua iliishaje. Barua yangu ndiyo iliyojibiwa kwanza. Nafasi ipo Kigoma, ila ni ngazi moja chini ya hii niliyonayo, na posho mbili zinaondoka. Nililia siku nzima, sitadanganya, kwa sababu ile ngazi niliitolea jasho. Shoga zangu wawili wameniambia nimepumbazwa na mapenzi. Nawaambia hivi: ingejibiwa yake kwanza, angeacha kazi anayoipenda na ziwa lake na watoto wake wa mbao, na ilikuwa imeandikwa. Mama amekubali kuja na sisi, mradi apate chumba kisichopigwa na upepo. Naanza mwezi wa saba.

Mkitaka kwenda

Kwa wale mnaopanga safari, haya machache yatawafaa.

Mawimbi ni ya msimu wa kusi, mwezi wa tano hadi wa tisa. Miezi ya mwisho ya kiangazi kuna vumbi na moshi angani, kwa hiyo milima ya Kongo ng'ambo haionekani vizuri, lakini jua linapozama linakuwa jekundu kama mawese. Mkitaka kuiona milima, subirini mvua za kwanza zisafishe anga.

Kuogelea, ulizeni wenyeji. Epukeni maji yaliyotulia yenye matete na karibu na makazi, kwa sababu ya kichocho. Ufukwe wa miamba na wa mawimbi ndio mzuri. Na mawimbi yakichafuka, msijifanye mnajua, hata wavuvi wanaliogopa ziwa hili.

Taa za wavuvi zionekane, nendeni siku za giza. Mkitaka kupumzika na kijiji kizima kimechangamka, nendeni siku za mbalamwezi. Na dagaa wa Kigoma nunueni Katonga kwenyewe, mrudi nao, mtapendwa na majirani.

Sio lazima muwe na mikoa miwili ndio mwende. Wengine mnakaa nyumba moja, kila mmoja na chumba chake cha kununia, na milango inafungwa vizuri. Tafuteni nyumba yoyote ya zamani, iwe Ujiji, Pangani au kwa bibi kijijini, ambayo kuta zake haziendi mpaka juu. Bebeni daftari na kalamu mbili. Simu iacheni kwenye mfuko wa suruali, izime. Halafu mmoja wenu aulize lile swali, na mwingine asiondoke kitandani mpaka liwe na tarehe.